Maumivu ya Salumu Yalipotulia

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Kariakoo tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume.

Umeuliza kama miguu ya babu yako Salumu, kaka yangu, ingeokolewa. Mchana ule alishusha belo la mitumba, mgongo ukamchoma ghafla, miguu ikalegea. Wapagazi wenzake wakamtania, "Leo belo limekubeba wewe, Salumu." Nyumbani, kama kawaida yetu, tukamwita mkandaji. Alimkanda kwa maji ya moto mpaka jioni, Salumu akasema, "Ahsante mama, sasa sisikii kitu." Tukafurahi. Kumbe hisia ndizo zilikuwa zinaondoka.

Kesho yake, hospitalini, daktari alitueleza kwamba damu ilikatika kwenda kwenye uti wa mgongo, nao haustahimili kiu hiyo kwa muda mrefu. Tungemuwahisha, wangejaribu kupandisha shinikizo la damu ili ipenye. Labda angetembea.

Mgonjwa akikuambia ametulia, mwanangu, mguse vidole vya miguu kwanza.

Kila Idi, Salumu alituagiza tumpelekee yule mama mkandaji sahani ya biriani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia Salumu alichosema daktari.

Bibi yako