Nyota Yako Inanitia Shaka

Mwanamkasi, mwenzangu,

Afadhali habari hii uisikie kwangu kuliko kwa Dakta Mgaya. Zile nyota zako mbili siziamini tena. Shaka ilinianza siku ya arobaini yako.

Siku ile kwenu Mabawa, mama yako alimwambia kila aliyeshika sahani ya pilau, "Mwanangu hakuacha mtoto, kaacha nyota." Watu wakaitikia mashaallah. Mimi niliweka sahani chini. Makala yetu ilikuwa imeshafika kwenye jarida, imebaki kupitiwa mara ya mwisho, jina lako la kwanza, na msimamizi wetu Dakta alikuwa na haraka nisiyoielewa. Mtu aliyezoea kukalia kazi zetu mpaka ziote ukungu, leo ananipigia asubuhi na jioni! Nikajiuliza, kuna nini hapa?

Nikarudi kwenye data. Unakumbuka tulivyoshangilia. Nyota iliyokufa ikasinyaa, inamnyonya gesi mwenzake aliye karibu, na eksirei zake zinafifia kila baada ya saa moja na nusu hivi. Tukasema, hapo mwenzake anapita mbele. Lakini darubini yetu nayo iko huko juu, inaizunguka dunia kwa muda karibu uleule, na kila mzunguko dunia inaiziba macho. Vipande hivyo vya data, vya wakati wa kuzibwa, ulivikata wewe, figo zikiwa tayari zinakutesa. Ulibakiza kingo zake, pale dunia inapoanza na kumaliza kuziba. Ile tofauti ya dakika chache kati ya mzunguko wa darubini na kufifia kwa nyota tukaona yatosha.

Wewe! Wewe usiyenunua machungwa Muheza mpaka muuzaji akupasulie moja la chini ya fungu, maana ya juu yamepangwa. Wewe uliyekuwa ukinipekua kila hesabu kama askari wa bandarini. Nimekukasirikia, Mwanamkasi. Nimekukasirikia na hupo nikugombeze.

Nikatafuta data za zamani za darubini nyingine, ile inayokwenda mbali sana, ambayo dunia haiizibi siku nzima na zaidi. Nikaitazama nyota yako humo. Haififii hata kidogo. Kilichokuwa kikipita mbele ni dunia yetu wenyewe.

Dakta akasema tuiache ilivyo, marehemu anastahili heshima. Jina lake yeye Dakta nalo limo, kwa hiyo sikujua ni heshima ya nani anayoilinda. Mpaka leo sijui.

Nikaenda kwa mama yako, Bi Rukia, kabla ya kuwaandikia watu wa jarida kwamba makala tunaiondoa. Shikamoo yangu aliipokea vizuri, akaniwekea chai. Nilipomaliza kumweleza akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Hata hiyo mwamnyang'anya? Au waitaka wewe?"

Iliniuma, sikufichi. Mimi niliyekuwa nikilala kwenye mkeka wake! Nikamwambia nyota ipo, mama, inawaka, ila huyo mwenzake hatujamwona, tulijidanganya. Akalia, nami nikalia. Chai ikapoa. Kisha akauliza kama ungekuwa hai ungesemaje. Nikasema ungeniita mzembe, kwa kuchelewa kugundua.

Akacheka, machozi yakimtoka. "Ndiye huyohuyo," akasema. "Basi iondoeni. Mwanangu hakuwa mwongo."

Makala nimeiondoa. Dakta hapokei simu zangu. Jirani zenu bado wanamuulizia Bi Rukia ile nyota, naye anawajibu, "Wanaipima upya." Hasemi zaidi.

Nami naipima kweli. Kuna kitu kingine kwenye data zile, kinapanda na kushuka polepole, kwa saa nyingi. Sikuambii zaidi, kwa sababu bado sikiamini. Nakuahidi sitaliandika jina lako penye jambo ambalo wewe mwenyewe usingelikubali, hata anihimize nani.

Pumzika, mwenzangu. Mungu akulaze pema. Nimekuwa nikikagua kazi zako wiki zote hizi, na leo ndiyo nimeona kinachonitisha. Zangu sasa atazishuku nani?

Wako,
Monika