Kijitabu cha Chini ya Sare

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo uwe umepungua kukusumbua tangu ulipobadilisha godoro. Shemeji anaendeleaje na macho yake? Na wapwa zangu je, yule mrefu bado anarefuka au sasa ameona inatosha? Sisi huku miili haina neno. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akisema anapiga mluzi. Wifi yako anachoshwa na zamu za wodi ya wazazi kama kawaida. Mimi nipo palepale kwenye uchapaji. Tunachapa kalenda za mwakani na vidole vyangu ni vyekundu mpaka kwenye kucha.

Dada, salamu nimezirefusha makusudi, kwa sababu ninachokuja kukuambia sina uso wa kukisema. Nimeshachana karatasi tatu. Lakini wifi yako alinitazama jana akasema, "Dada yako mwandikie mwenyewe. Mimi simwambii." Basi nimepiga moyo konde.

Wifi yako alikuwa ameamua kuacha kuandika, na sababu ni mimi.

Vitabu vyetu unavijua, umevipanga sebuleni kwako. Bibi Dobi anafua nguo za watu, anasoma madoa, anamkamata muuaji. Jaladani kuna majina mawili, lake na langu. Lakini namna tunavyogawana kazi sijui kama niliwahi kukueleza sawasawa. Wifi yako ndiye anayetunga kisa na kuandika sura kumi na sita za mwanzo, bila kunidokezea muuaji ni nani. Mimi nazisoma, namtafuta muuaji kwa akili yangu, kisha naandika sura nne za mwisho. Nikimjua, maana yake mtego ni mwepesi, inabidi arudi aukaze. Nikishindwa, yeye amefaulu, ndipo ananitajia. Hayo ndiyo makubaliano yetu tangu kitabu cha kwanza, miaka tisa iliyopita.

Dada, mimi sijawahi kumjua muuaji hata mmoja.

Kile cha kwanza nilikisoma siku tatu nikatoka kapa. Nikaona aibu, mume mzima nimeshindwa na mke wangu mwenyewe. Yeye alikuwa kazini. Nikafungua kabati, na chini ya sare zake zilizopigwa pasi nikakuta kijitabu kidogo chenye jina la muuaji. Aliporudi nikamwambia, "Huyu wa kwako nimeshamjua," nikijifanya hata jasho halikunitoka. Ulipaswa kuuona uso wake ulivyonywea. Akasema, "Basi nimetega vibaya," akaketi kuandika upya. Jamani, si ningesema hapohapo kwamba nilikuwa natania? Badala yake nikamsogezea taa aandike.

Toka siku hiyo nikazoea. Vitabu sita! Kila kimoja amekirudia mara mbili au tatu, likizo zake zote zimeishia kwenye meza ya chakula, kwa kudhani mtego wake haufai. Na kila akiukaza, mimi nangoja aende zamu, nafungua kabati.

Na wewe, Dada, nilikudanganya pia. Ulipokuja kumwuguza Mama, nilijigamba mbele yenu wote mezani kwamba mke wangu hajanishinda hata siku moja. Wewe ukacheka, ukasema, "Wifi, usijisumbue, huyu kitindamimba wetu humuwezi." Ukanivisha kilemba cha ukoka pasipo kujua, nami nikakivaa huku natabasamu. Yeye pia alicheka. Kesho yake alichana sura kumi na moja za kitabu ambacho hutakiona kamwe. Na kila ukipiga simu unamtania kwa maneno yaleyale, anacheka, kisha anakata simu na kuingia jikoni kusugua sufuria ambazo ni safi tayari. Sikulaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama pale nikisikiliza.

Sasa nilivyoumbuka. Katika kitabu cha saba, kijitabu kilisema muuaji ni daktari wa meno. Kwa kuwa nilishajua jibu, sura zake nikazipitia juu juu tu. Nikaandika sura zangu nne kwa mbwembwe: daktari anaruka ukuta, anakimbia juu ya paa, Bibi Dobi anamnasa kwa doa la dawa kwenye kola. Kumbe wifi yako alibadili mawazo akiwa wodini, na kijitabu hakukigusa tena. Sura ya tisa, ambayo mimi niliiruka, inamweka daktari huyo hospitalini wiki nzima, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Unaweza kucheka, Dada, nakuruhusu. Mimi bado siwezi.

Wifi yako alikuwa anazisoma sura zangu Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mchana, kalamu mkononi. Akafika pale penye ukuta. Akaniuliza daktari nimemtoa wapi. Nikaanza kubabaika na dalili hii na dalili ile, maana kigugumizi cha utotoni kilinirudia chote. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kijitabu, akakiweka mbele ya kikombe changu.

Akauliza, "Vyote?"

Nikajibu, "Vyote."

Angenitukana ningepata nafuu. Alitandika sare yake mezani akaendelea kupiga pasi, akairudia kola hiyohiyo mara nne. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Miaka tisa nilijua mimi ndiye nisiye na kipaji." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na bado natamani.

Mwezi mzima hakushika kalamu. Mhariri alipopiga simu alimwambia Bibi Dobi amestaafu. Halafu akaanza tena kuandika usiku, na wiki mbili zilizopita akaniwekea mezani sura kumi na sita mpya. Hakuna kijitabu safari hii; nilipoangalia macho yake nilijua hakuna. Akasema, "Soma."

Nimesoma, Dada. Nimesoma wiki mbili kwa haki ya Mungu, kila neno. Nimeandika orodha ya washukiwa kwenye mabaki ya karatasi za kazini. Nikamshika mwuza maua, akaniponyoka. Nikamshika mjane, naye akawa hana hatia. Nilikuwa namtazama mke wangu akimsuka binti yetu nywele, nikajiuliza huyu mtu nimeishi naye au nimekuwa nikipita tu.

Jana nilimfuata jikoni. Nikamwambia, "Nimeshindwa. Sijui ni nani."

Hakugeuka. Akasema, "Rudia."

"Sijui, mke wangu. Sijui kabisa."

Akaweka kijiko chini, akaingia chumbani akafunga mlango, nikamsikia analia na kucheka kwa pamoja kama mtoto. Dada, neno moja tu. Miaka tisa alikuwa analingoja, na mimi nilikuwa nalo mdomoni siku zote.

Alipotoka ndipo aliposema nikuandikie. Kwa hiyo ukipiga simu, usimtanie tena, wala usimwombe radhi kwa niaba yangu. Mwambie tu kwamba umejua.

Msalimie Shemeji, wapwa zangu wote, na Shangazi ukimwona. Mungu akutunze, akupunguzie maumivu ya mgongo, na akupe moyo wa kunisamehe usipokuwa nao.

Asubuhi hii yuko mezani, kalamu mkononi. Muuaji hajaniambia, nami sijathubutu kuuliza.

Ni mimi ninayekupenda na kukuinamia kichwa,
Kitindamimba wenu.