Farasi Aliyengojeshwa

Mjukuu wangu Akello,

Huku Kawempe tuko salama. Goti la bibi yako limepata nafuu. Unauliza kama huyo farasi jike wenu, bingwa wa mbio, apandwe na dume la jirani, au mngoje lenye ukoo mkubwa zaidi.

Ujanani nilimtunza bingwa kama huyo, wa bwana mmoja hapa Kampala. Kila dume lililoletwa, bwana huyo alilikataa: eti mama yake hakuwahi kushinda, mara babu yake hajulikani. Tukangoja. Alipopata la kumridhisha, farasi wetu alishazeeka, hakushika mimba.

Inaniuma mpaka leo. Nasaba ya farasi yule bado naijua kwa kichwa, hadi bibi wa bibi yake. Inaishia kwake yeye, asiyeacha mtoto.

Babu yako,
Okello