Vidole vya Wifi Yako

Tarehe 9 Agosti, mwezi wa sita tangu niondoke

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mgongo wako umetulia. Mimi mzima, ila saruji imenila mikono hadi kalamu inateleza. Nakuandikia kwa sababu simu yako unaiweka spika, na mambo haya si ya majirani.

Habari ulizonipa za wifi yako ziliniondolea raha. Kwamba sasa anakamua mablanketi mwenyewe. Kwamba anafungua makopo ambayo zamani yalingoja nirudi kutoka kazini. Kwamba anavaa magauni mapana, na ukimuuliza nguvu kazipata wapi, anacheka na kubadilisha mazungumzo. Unajua baridi yabisi ilivyomkunja vidole miaka yote ya ndoa yetu. Nikajiuliza, kama mimi sipo, nani anamkanda? Nilimshuku kila mtu, mpaka fundi redio wa jirani, mzee asiye na meno. Ndiyo maana nilikuomba umchunguze, na mwezi uliopita nikakuambia ujiandae kumrudisha kwao.

Sasa sikia. Juzi bati lilinikata, nikapelekwa kwa muuguzi wa kambi yetu ya ujenzi, mama mwenye ulimi mkali. Akiwa ananishona nikamuuliza, kwa kumtega, ni dawa gani inayompa mwanamke wa baridi yabisi nafuu ya ghafla. Hakuinua hata macho.

"Mimba yake ina miezi mingapi?"

Nilitaka kuondoka sindano ikining'inia. Akaniambia nikae. Akaeleza kwamba mwili una askari wanaofukuza chochote kigeni, na mtoto ni mgeni, maana nusu yake ni ya baba. Basi mimba ikiingia, mwili huwatuliza baadhi ya askari hao wasimdhuru. Hawalali, maradhi mengine bado wanapambana nayo, ila mtoto wanafundishwa kumvumilia. Na baridi yabisi ya wifi yako ni askari hao hao wanaovamia viungo vyake mwenyewe. Wakitulia, wanawake wengi hupata nafuu, ingawa si wote. Nikauliza kama mwili humkubali mtoto wa mume tu. Akacheka hadi uzi ukamponyoka. Akasema mwili hauombi cheti cha ndoa, miezi nihesabu mwenyewe.

Nilihesabu, dada, halafu nikahesabu tena. Nikirudi nyuma tangu ulipoona nguvu zake, mimba inaangukia wiki zangu za mwisho nyumbani. Nikampigia wifi yako. Akasema alitaka kwanza avuke mwezi ule ambao mimba yetu ya kwanza iliharibika, asinipe furaha kisha ninyang'anywe tena.

Kuna jambo sikumwambia yeye. Kilichoniuma hasa si mwanamume mwingine. Ni kwamba alipata nafuu mimi nikiwa sipo. Nilizoea yale makopo kuningoja. Hata jana, baada ya kujua yote, nilijikuta namuwaza tena yule fundi redio.

Kwa hiyo usimrudishe popote, wala usimchunguze tena. Mwache akamue mablanketi, avifurahie vidole vyake. Muuguzi anasema akishajifungua, askari huamka na maumivu mara nyingi hurudi. Hapo nepi nitakamua mimi.

Wasalimie wote, na shemeji umwambie namdai mchezo wa bao.

Mdogo wako uliyemwita Kichwa Ngumu. Ruhusa nimepewa, nafika mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya mtoto.