Kilichoziba Choo cha Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Na mgongo unakuruhusu kubeba mizigo ya watu? Sisi tunapumua, na Mama anakula vizuri.

Mkeo hayupo. Nilimfukuza Jumatano, na nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wenye midomo.

Choo kiliziba. Maji machafu yakapanda kwa tundu la bafuni, yakaingia hadi chini ya kitanda cha Mama. Nimeimba mpaka nimechoka: chooni ni haja na karatasi yake tu, pedi, nepi, vitambaa, mafuta yaliyobaki kikaangoni, vyote ni vya ndoo ya taka. Nani wa kukaidi kama si yeye? Nikamsimamisha mbele ya wapangaji nikamwambia, "Kwenu mmezoea vichaka, choo utakijulia wapi?" Wapangaji wakacheka.  Yeye alifunga nguo zake, akampa Mama mkono wa kwaheri, akaenda kwao.

Juzi fundi bomba akaingiza waya wake. Likatoka tambara, la pili, kisha rundo zima. Ni ile shuka ya Mama ya maua, imechanwachanwa. Nilipombana Mama, akakiri: hawezi tena kuzuia mkojo, mdogo wangu. Huvaa vile vitambaa. Alivyoviwahi mkeo alivifua kimyakimya mlango umefungwa. Vingine Mama alivisukumia chooni kwa aibu. Mkeo alijua yote, akameza matusi yangu ili kumsitiri. Na Mama alikuwa palepale kitandani, anasikia, akajifunika gubigubi.

Najua utataka kumrudisha. Usithubutu. Nikimwomba radhi mbele ya wapangaji walewale, nani ataniogopa humu? Heri niitwe mbaya kuliko mjinga. Mwandikie kwamba nawe una hasira naye.

Kinachoniudhi ni kwamba Mama hataki nimguse. Tangu asubuhi amelala kwenye godoro lililolowa, akawa anamwita mkeo. Nikamwambia, "Ulijua kunyamaza alipotukanwa. Basi nyamaza na sasa."

Shangazi anakusalimu sana, na mumewe pia. Mungu akulinde huko ugenini, akuzidishie riziki na afya.

Mama naye angekusalimu, lakini tangu nimwambie hivyo hajatoa neno.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye siku zote.