Kumsomea Nahodha Gervasi

Jumatano, 7 Mei 2025

Bwana Leonardi, meneja wetu, amerudi kutoka semina na kitu kipya. App ya ofisi nzima. Ametukusanya watu kumi na wawili: mimi na dada Shadia wa ofisini, manahodha, mabaharia, mlinzi, na wapakiaji wenye simu nzuri. Kuanzia leo kila taarifa humo. Ratiba, mizigo, hali ya hewa. Hataki tena watu wapigiane kelele kutoka ofisini mpaka majini kama soko la dagaa. Dada Shadia akaninong'oneza kwamba hapa Katonga ni soko la dagaa, na kama bosi haamini avute pumzi.

Mimi nimefurahi, sijamwambia mtu. Tangu nianze kazi mwezi wa tatu, jambo gumu kuliko yote ni kusimama mlangoni na kuita. Sauti haitoki. Wapakiaji wananiita Bubu. Sasa nitaandika tu. Kuandika naweza.

Chini ya kila ujumbe inaonyesha majina ya waliosoma, na saa.

Jumatano, 14 Mei

Kila asubuhi saa moja na nusu Bwana Leonardi anawapanga foleni wale ambao majina yao hayajatokea. Anawasema mbele ya wote. Leo kamsema Nahodha Gervasi, mtu mzima, ana mtoto kidato cha pili! Nahodha kasimama, anapangusa mikono kwenye suruali.

Shida si uvivu. Asubuhi simu zao zinakuwa ofisini kwenye chaji, wenyewe wako majini mpaka magotini, wanapakia. Na Nahodha haoni maandishi madogo. Anaishika simu mbali kama mtu aliyeshika nyoka.

Baadaye akaja dirishani. Akanisalimia kwa Kiha kama kawaida yake, "Mwakeye, binti," halafu akasubiri. Yeye husubiri mpaka nijibu, hata nikichelewa. Ndiyo maana kwake naweza kusema. Akaniomba niwe namfungulia ujumbe asubuhi kabla bosi hajahesabu, halafu nimwambie kwa mdomo kuna nini. Namba zake za siri ni nne, zote moja.

Kumbe dada Shadia anawafanyia wengine wanne. Amecheka. Anasema hiyo inaitwa kusomeana, na mimi ndiyo kwanza naigundua leo.

Jumatatu, 19 Mei

Kusomeana kunakwenda vizuri. Saa moja na robo majina yote yapo. Bosi anafurahi, amepiga picha ya skrini akamtumia mwenye kampuni. Nahodha ameniletea samaki wawili, migebuka ya kukaanga. Mama amesema nahodha huyo ana adabu.

Ijumaa, 23 Mei

Saa kumi na moja jioni. Boti ya Nahodha Gervasi haijafika Ilagala. Upepo wa kusini tangu saa nne. Paa la mama muuza chai limeng'oka bati mbili.

Tahadhari niliandika. Niliandika mapema.

Jumamosi, 24 Mei

Wavuvi wameikuta boti imepinduka karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Asumani, baharia wake ambaye hayumo kwenye app, yuko hai. Alishikilia dumu la mafuta mpaka wakamwona. Nahodha hayupo.

Jumapili, 25 Mei

Bado.

Jumanne, 27 Mei

Nitaandika hapa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu sijaiandika popote.

Ijumaa saa moja na dakika kumi niliweka tahadhari kwenye app. Upepo mkali wa kusini, mawimbi ya zaidi ya mita mbili, vyombo vidogo visitoke. Nikachukua simu ya Nahodha kwenye chaji. Nikafungua. Jina lake likatokea: Gervasi, saa moja na dakika kumi na nne. Nikairudisha.

Halafu nikatoka kwenda kumwambia. Kweli nilitoka. Nilifika pale kwenye mawe. Yeye alikuwa upande wa pili wa boti, kwenye maji, anapokea magunia. Katikati yetu wapakiaji kama kumi na tano. Mmoja akasema Bubu kaja kutuimbia. Wakacheka. Mwingine akaniambia nipande boti nikaolewe Ilagala. Nikafungua mdomo. Nikasema "Nahodha," lakini hata mimi sikujisikia.

Nikawaza: atakuja kuchukua simu, nitamwambia dirishani. Nikarudi.

Hakuja. Dada Shadia alikuwa anateremka na karatasi za mizigo, akamchukulia na simu yake njiani. Mimi nilikuwa ndani napiga muhuri. Nilipotazama dirishani boti ilikuwa imeshageuka.

Nikatazama app. Nikaliona jina lake kwenye waliosoma. Na kwa muda — hili ndilo linalonitisha — kwa muda mfupi nilitulia. Nikajiambia anajua. Mimi niliyeliweka jina lile kwa kidole changu nikaliamini.

Ijumaa, 30 Mei

Leo Bwana Leonardi ametuonyesha wote orodha ya waliosoma ile tahadhari. Alisoma. Saa iko hapa. Kisha akaondoka, na Asumani mwenyewe anasema hakuambiwa neno lolote juu ya upepo. Kwa hiyo Nahodha alijua akaficha. Ukaidi.

Neno limeshashika. Leo sokoni nimelisikia mara tatu. Muuza mawese alikuwa anamwambia mteja kwamba wanaume wa siku hizi wanaonywa na simu na bado wanashindana na ziwa. Mjane wa Nahodha, mama Mapendo wa Ujiji, alikuwa anapita na ndoo. Hakugeuka.

Jumatatu, 2 Juni

Kumi na mmoja kati ya kumi na wawili.

Hivyo ndivyo app inavyosema sasa chini ya kila ujumbe. Nikiandika ratiba, kumi na mmoja wamesoma. Nikiandika maji ya kunywa yameisha ofisini, kumi na mmoja. Ukibonyeza inakuonyesha nani bado. Gervasi. Kwenye picha amevaa kofia yake ya Pasaka.

Dada Shadia amemwomba bosi amtoe. Bosi kasema atafanya, hajui kitufe kiko wapi.

Ile app ina kengele moja ndogo, kama tone linaloanguka kwenye sufuria. Naisikia hata simu ikiwa imezimwa. Jana kanisani nimeisikia katikati ya sala. Nimemtazama mama, yeye hakusikia kitu.

Na kila asubuhi naandika tahadhari. Kila asubuhi yeye bado hajaisoma. Kama ile siku ningeiacha hivi hivi! Bosi angempanga foleni, angemsema, naye angekuwa amesimama pale amelowa mpaka kiunoni, anasikia kuna upepo.

Alhamisi, 5 Juni

Mwandiko mbaya leo.

Saa saba mchana nilikuwa peke yangu ofisini. Dada Shadia alikwenda kuswali. Tone likaanguka. Nikatazama simu.

Gervasi: Nimefika Ilagala salama.

Na ile picha. Na ile kofia.

Sikupiga kelele. Mimi sipigi kelele. Nilikaa. Niliwaza vitu ambavyo sitaviandika. Halafu nikafanya jambo la kijinga, nikajibu. Niliandika "Pole na safari, Nahodha." Ikaonyesha kwamba amesoma. Palepale. Gervasi, saa saba na dakika tisa.

Dada Shadia alinikuta sakafuni. Ndipo tukapata maelezo. Boti ya akiba imeanza safari, Asumani amefanywa nahodha. App imelipiwa watu kumi na wawili, bosi hakutaka kuongeza wa kumi na tatu, kwa hiyo kampa Asumani nafasi ya marehemu. Atabadilisha jina akipata muda.

Nimeelewa. Nimeelewa kabisa. Na bado nimekuja nyumbani nikiwa na lile jibu lake la kusoma moyoni. Mama anauliza mbona sili.

Jumatatu, 9 Juni

Bwana Leonardi amenipa kazi kwa sababu nilipata A ya Kiswahili. Mwenye kampuni anataka ukurasa mmoja: faida na hasara za kutumia app kazini. Akiridhika ataiweka kwenye matawi yote. Pia Jumamosi kuna kikao cha familia ya marehemu huko Ujiji. Bosi atakwenda na ile orodha ya waliosoma, imepigwa chapa, ili familia ione kampuni haikuficha kitu. Mimi nitakwenda naye kuandika muhtasari.

Nimeanza hivi. Faida: taarifa inawafikia wote kwa mara moja. Kumbukumbu zinabaki. Mtu mwenye haya naye anapata kusema (nimeifuta hiyo). Hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Nikaitazama sentensi hiyo muda mrefu. Nikaifuta.

Hasara: bando likiisha. Mwanga mkali wa jua, skrini haionekani. Wazee hawaoni herufi. Kelele zilikuwa na kazi yake. Mtu akiita kutoka mlangoni anaona kama umegeuka. App inajua simu imefunguliwa. Haijui ni nani amefungua.

Ya mwisho nimeiandika kwa penseli.

Jumatano, 11 Juni

Dada Shadia ameiona ile ya penseli. Amenivuta nyuma ya ghala. Hakunigombeza, hilo ndilo baya. Ameniambia ana watoto wawili na kwamba nikijisema mimi nimewasema wote, maana watauliza wengine walisomewa na nani. Watu wanne, na sisi wawili, tutafukuzwa Katonga siku moja. Na Nahodha hatarudi hata nikisema.

"Na yeye ndiye aliyekuomba," akasema. "Hukumwendea wewe."

Nikamwambia mkewe anaitwa mke wa mkaidi.

Akachukua kifutio mezani kwangu, akakiweka mkononi mwangu, akaondoka.

Sijafuta. Sijakoleza pia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaribu kumwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Nilisema, "Mama, kuna kitu ofisini." Akasema, "Ehe?" Akasubiri kidogo. Nikasema feni imeharibika.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nyuma ya daftari la muhtasari. Niko kwao Nahodha, Ujiji, nyuma ya nyumba, kwenye kinu kilicholazwa. Wamesimamisha kikao ili watu wapate kula. Ugali na maharage. Mimi sikuchukua.

Kikao kimekwenda hivi. Hakuna kaburi, kwa hiyo wameweka kiti na shati lake juu ya kiti. Kaka yake, mzee Bariki, ndiye anayeongoza. Bwana Leonardi alianza kwa pole ndefu, halafu akatoa ile karatasi. Ikapita mkono kwa mkono. Mzee Bariki akaisoma kwa sauti, jina kwa jina, saa kwa saa. Alipofika kwa ndugu yake akasita, akairudia.

Wakamtazama mama Mapendo. Hakulia. Aliuliza tu kama karatasi inaonyesha alisomea wapi. Bosi akasema haionyeshi mahali, inaonyesha saa. Mama Mapendo akaitikia kwa kichwa. Shangazi mmoja akasema basi, tumejua, Mungu amsamehe ukaidi wake. Mtoto wao, Martini, akasimama na kutoka nje. Nilisikia geti.

Mimi niliandika. Kalamu ilikuwa inakwenda. Niliandika "alisoma" na mkono haukukataa. Mara mbili nilivuta pumzi ya kusema na mara mbili mtu mwingine akasema kwanza. Bosi akaniegemea akaniambia niandike kwamba familia imeridhika.

Halafu chakula, nikaja huku.

Sasa hivi amekuja mama Mapendo. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo, na Kiswahili chake bado kina upande ule. Alikuwa na bakuli. Akaliweka karibu na mguu wangu. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akakaa kwenye ncha nyingine ya kinu.

"Njo wewe Scola?"

Nikasema ndiyo.

"Wa kumsomea."

Akasema mumewe alikuwa anamwambia kila jioni. Kwamba kuna binti ofisini, mpole, haongei na mtu, lakini anamfungulia simu na kumweleza kila kitu, tena anaeleza vizuri kuliko mwalimu. Alikuwa anajisifu nyumbani kwamba ana katibu wake. Walicheka naye. Martini alimwita baba yake Mheshimiwa.

Akaipangusa kanga magotini. Akasema ndani hakutaka kuniuliza, kwa sababu ndani kuna wanaume wengi, na mumewe alimwambia mimi mbele ya wanaume wengi sauti hunipotea.

Halafu akasema, polepole, bila hasira yoyote, "Siku ile, mwanangu. Ulimwambia?"

Nilifungua mdomo. Ndani wakamwita, sufuria ya maji ya moto imeanguka, mtoto ameungua kidogo mguu. Akasimama. Akasema, "Kula. Narudi. Nitasubiri useme, usiogope."

Amekwenda. Ninamsikia anambembeleza mtoto kwa Kiswahili chake kile cha Kongo. Bwana Leonardi ameshatoka mlango wa nyuma, anatazama saa, ananipungia mkono kwamba gari liko tayari na familia imeridhika. Nimemwonyesha bakuli, kwamba bado ninakula. Amekunja uso, lakini amekaa kwenye ngazi.

Nimejaribu kulisema jibu hapa kwanza, kwa kunong'ona, kuelekea ukutani. Limetoka. Maneno mawili tu: hapana, sikumwambia.

Mtoto amenyamaza. Ndala za mama Mapendo zinakuja na nyuma yake kuna hatua nyingine nzito, nadhani mzee Bariki naye anakuja. Wawili. Nafunga daftari.