Nilimwambia Mtoto Apige Bila Kugusa Nyuzi

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana aibu niliyonayo siwezi kuipeleka kwa mama yangu wala kwa mume wangu. Mimi ni mwalimu wa muziki hapa Port Said, kila kiangazi shule zikifungwa nafundisha watoto wa shule ya msingi kupiga simsimia katika nyumba ya utamaduni ya mtaani kwetu, wengine wanaletwa kwa sababu wazazi wanakipenda kinubi hiki cha mababu zetu na wengine ili tu wasishinde kwenye simu, na mimi wote nawapokea, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Mwaka huu nimempata mtoto anaitwa Basant, ana miaka tisa, wazazi wako kazini Kuwait na analelewa na bibi yake, Hajati Inshirah. Mshauri, huyu mtoto anaipenda simsimia kuliko wote, ila mapigo hayashiki, wenzake wakishafika yeye bado yuko njiani, na akichelewa anacheka na kunipigia kelele, kwa hilo jina la Abla tunaloitwa walimu wa kike huku, "Abla, nisubirini, nakuja!" na darasa zima linacheka naye, tulikuwa na raha.

Sasa mkurugenzi wetu akaja na habari kwamba kwenye onyesho la watoto watakuja wageni kutoka ofisi ya mkoa, na kwamba wakipendezwa tutaruhusiwa kufundisha kiangazi kijacho pia, na mimi hofu ikaniingia, nikamwita Basant kando ukumbini nikamwambia, "Mpenzi, kesho mkono wako upite juu ya nyuzi bila kuzigusa. Upite tu, kama upepo."

"Kwa nini, Abla?"

Ningemwambia ukweli hapo hapo yangekwisha, lakini nikasema, "Kwa sababu una mkono mzuri, nataka wageni wauone." Uso wake uling'aa, mshauri, naapa uling'aa.

Onyesho likaenda vizuri, wageni wakapiga makofi, Hajati akapiga vigelegele, mkurugenzi akanipongeza na nikarudi nyumbani nikiimba. Siku chache baadaye Hajati akapata wageni, majirani, akamwambia mjukuu wake awapigie kidogo, na Basant akakaa katikati ya sebule akaupitisha mkono hewani mwanzo hadi mwisho, kimya kabisa, kisha akasimama akainama kushukuru. Bibi yake akamuuliza ni mchezo gani huo, akajibu, "Abla amesema nina mkono mzuri. Ndivyo wanavyopiga wanaojua." Basi palikuwa na mtoto wa jirani, Ziyad, naye ni mwanafunzi wangu, akacheka mpaka akagaagaa zuliani, "We Basant, Abla alikuzima! Alikuzima kama redio!"

Haya yote nimesimuliwa na mama yake Ziyad, lakini yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu, maana kesho yake Hajati alikuja darasani amemshika mtoto mkono, akaniuliza mbele ya wote, "Mwanangu, huyu anasema ulimwambia asiguse nyuzi. Mimi sikuamini, nikasema nije nisikie kwako." Na watoto wote wananitazama, na mkurugenzi kasimama mlangoni, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Hapana, Hajati. Atakuwa hakunielewa. Watoto unawajua."

Basant akainua uso akanitazama. Bibi yake akamfinya bega, "Unamsingizia mwalimu wako? Hebu mwombe radhi!" Na mtoto akasema, "Samahani, Abla."

Tangu siku hiyo haji. Mkurugenzi anasema niache, watoto husahau na shule karibu zinafunguliwa, na najua nikikiri Hajati atautangazia mtaa mzima na wazazi watawaondoa watoto wao, lakini kila nikishika simsimia nasikia ile "Samahani, Abla" na mkono unakufa. Nifanye nini?

Mwalimu Mwenye Aibu, Port Said

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, pole nitakupa, lakini siyo sasa.

Kumzima mtoto mbele ya wageni ni kosa la mtu aliyeogopa, na waoga tuko wengi. Lakini kusimama ukipokea msamaha wa mtoto uliyemkosea wewe! Hapo uliuza heshima yake ukanunua yako. Aibu unayoisikia ni ya haki, usitafute dawa ya kuituliza kabla haijakufikisha unakopaswa kwenda.

Tena barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomsaidia yule mtoto ashike mapigo. Sikupaona. Alikuomba mumsubiri, ninyi mkacheka.

Mkurugenzi anasema watoto husahau? Mwulize yeye alisahau nini cha utotoni mwake. Basant hatasahau, atajifunza tu kwamba ukweli wake haufai mbele ya neno la mtu mzima.

Nenda leo kwa Hajati, usisubiri upate ujasiri. Usibebe peremende, hujaenda kutembelea. Mwombe Basant radhi yeye kwanza, bibi yake akisikia, na useme wazi: "Nilikuambia usiguse nyuzi, kisha nikasema uongo." Ukitamka neno "lakini", rudi nyumbani ujipange upya. Halafu yaseme hayo hayo darasani, kwa sababu uongo uliusemea darasani. Wazazi wakiondoa watoto, wawaondoe. Na usimdai mtoto msamaha siku hiyo hiyo. Akinuna, mwache anune, ni haki yake.

Haya, sasa pole.

*Barua hii nilimjibu mwalimu kwa simu kabla ya kuichapa. Ameniandikia tena, na kwa ruhusa yake naweka maneno yake hapa.*

Mshauri, nilikwenda. Hajati alinisikiliza nimesimama, chai hakunikaribisha, na kwetu hilo ni kofi. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo nilimfinya mtoto wangu kwa ajili ya uongo wako?" Nikasema ndiyo. Akageuka, akapiga magoti mbele ya mjukuu wake, na magoti yake ni mabovu, akamwambia, "Nisamehe, roho yangu, mimi nimekukosea kuliko yeye." Sikujua niangalie wapi.

Darasani nako nilisema. Ziyad akaropoka, "Si nilisema!" Wazazi wawili wameondoa watoto wao. Mkurugenzi hanisalimu.

Basant amerudi jana. Alisimama mlangoni na bibi yake nyuma, akaniambia, "Nitapiga. Lakini nikipiga, usinitazame."

Basi nimegeuza kiti. Nafundisha nikiutazama ukuta, nagonga mapigo kwa mguu, polepole, na nasubiri mpaka afike.